Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndio Ngoma: Mashauri kwa Mwenye Pikapu Yake ya Kwanza



Ukitaka kujua jinsi nchi ya Fort Ternan ilivyoinama, itazame njia ya reli. Huko Mau Summit reli iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Kisumu, kando ya ziwa, imekwisha shuka hata mita 1,130 hivi, na Fort Ternan ipo kati ya mteremko huo. Wajenzi walioifikisha reli ziwani mwaka 1901 iliwabidi kuizungusha vilimani na kuivusha mabonde kwa madaraja marefu, kwa kuwa gari la moshi haliwezi kuteremka genge. Lakini njia ya kutoka shambani kwako haikupimwa na wajenzi wa reli. Hupanda ilipotaka kupanda na kushuka ilipotaka kushuka, na mvua ya alasiri ikinyesha huteleza kama sabuni.

Tena kazi yako haingoji njia ikauke. Kahawa iliyochumwa leo yataka kufika kiwandani leo hii, ikamenywe kabla haijachacha. Majani ya chai ya huko juu Kericho yakishindiliwa ndani ya gunia na kulala humo, hupata joto na kugeuka rangi, na thamani yake hupotea. Maziwa ya asubuhi nayo hayajui habari ya tope. Kwa hiyo si ajabu mkulima akiweka akiba miaka mingi, akauza ng'ombe wawili watatu, akakopa kidogo katika chama cha ushirika, na mwisho akanunua pikapu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Jambo hilo ni jema. Lakini kuna neno moja ambalo muuzaji wa magari hatakuambia kwa urefu, na mimi nataka kulisema tangu mwanzo. Watu wengi hudhani kwamba gari la namna hii haliwezi kuteleza. Si kweli. Magurudumu manne ya kuvuta hukuongezea nguvu ya kwenda. Hayakuongezei nguvu ya kusimama. Kila motokaa, hata ile ndogo ya mjini, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo siku ya mvua pikapu yako itapanda mlima ulioshinda gari la jirani, nawe utafika mahali ambapo zamani hukuweza kufika, na bado itakubidi ushuke. Wazee walikwisha sema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si fundi wa magari. Lakini nilisomea ualimu, na katika chuo tulifundishwa kwamba kila somo lina utaratibu wake. Mtoto hafundishwi kugawanya kabla hajajua kujumlisha. Basi haya nitayapanga kama masomo, ili uyafuate moja moja.

GARI LENYEWE LILITOKA WAPI

Usidhani kwamba gari hili ni anasa ya watu wa mjini waliolileta mashambani. Lilizaliwa shambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bwana Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, naye alitumia kwa kazi zake Jeep iliyobaki vitani. Akaona kwamba mkulima ahitaji gari la namna hiyo lililotengenezwa kwa ajili yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Wazee wetu wanayakumbuka magari hayo. Ndani yake, mbali na mkono wa gia wa kawaida, mlikuwa na kifundo cha manjano na mkono wenye kichwa chekundu. Dereva akishindilia kifundo cha manjano, magurudumu ya mbele nayo yalianza kuvuta. Akiurudisha nyuma mkono mwekundu, gari liliingia katika gia za polepole zenye nguvu nyingi. Baadaye kampuni nyingine nazo zikatengeneza yao. Toyota ya Japani ilianza kuuza Hilux mwaka 1968, na Hilux ya kuvuta kwa magurudumu manne ikafuata mwaka 1979. Leo katika magari mapya kazi ya mikono ile hufanywa na kifundo cha kuzungusha au kitufe cha kubonyeza, lakini kazi yenyewe haikubadilika. Aliyeuelewa mkono mwekundu ataielewa na pikapu ya leo.

JINSI LINAVYOVUTA

Katika pikapu nyingi magurudumu ya nyuma ndiyo yavutayo siku zote, na ya mbele hugeuza njia tu. Mkono wa pili una nafasi tatu. Ya kwanza huandikwa H2: magurudumu mawili, mwendo wa kawaida. Ya pili ni H4: magurudumu manne, mwendo wa kawaida. Ya tatu ni L4: magurudumu manne, gia za polepole. Katika L4 gari hupunguza mwendo mara mbili na nusu hivi, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Ukiweka gia namba moja ndani ya L4, gari hutembea kama mtu aendaye kwa miguu.

Sasa fahamu kitu kimoja kilicho ndani ya ekseli, nacho huitwa difu. Umewahi kuwaona watoto wa shule wakipiga kona katika gwaride? Yule wa nje hupiga hatua ndefu, na yule wa ndani hukanyaga karibu pale pale. Magurudumu nayo ni vivyo hivyo. Kwenye kona gurudumu la nje hwenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu ndiyo iliyoruhusu jambo hilo. Lakini difu ina udhaifu wake. Gurudumu moja likiwa katika tope na mwenzake katika ardhi kavu, lile la topeni huzunguka bure na lile la pakavu husimama tu. Basi ukiwa na gurudumu moja la mbele na moja la nyuma katika tope, pikapu ya magurudumu manne yaweza kukwama pale pale, isipokuwa kama ina kifungio cha kuikaza difu. Ndiyo sababu twasema: chagua pa kukanyaga kabla ya kutegemea mashine.

Kumbuka na hili. Katika pikapu nyingi mkono wa pili huyafunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yaende sawasawa. Kwenye tope haidhuru, maana tairi huteleza kidogo na kujinyosha. Lakini kwenye lami kavu tairi haziwezi kuteleza, na kila kona hukaza vyuma vya ndani kama mtu asokotaye nguo mbichi. Usukani huwa mzito, na mwisho kitu huvunjika. Ukifika barabara ya lami, rudisha mkono katika H2. Kama gari lako ni la namna ya kuvuta kwa manne siku zote, kitabu chake kitakuambia. Kisome, au mpe mwanao akusomee.

MASHINE NA DEREVA

Huku kwetu tuna ushahidi mzuri kwamba dereva ni mkubwa kuliko mashine. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda mbio za Safari mara tatu: mwaka 1965 kwa gari la Volvo, kisha mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ziliendeshwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, katika njia za tope tupu. Wala magari yake yote matatu hayakuwa ya kuvuta kwa magurudumu manne. Ilikuwa mpaka mwaka 1987 ndipo gari la namna hiyo, Audi ya Bwana Hannu Mikkola, liliposhinda Safari kwa mara ya kwanza.

Sisemi hivyo ili ukimbie. Nasema ili ujue kwamba kwa zaidi ya miaka 30 watu walilishinda tope kwa kuisoma njia na kwa kuwa na mkono mtulivu kwenye usukani. Magurudumu manne ni msaada juu ya ujuzi huo. Hayashiki mahali pake.

SHERIA KWANZA

Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuendesha gari barabarani. Mwanafunzi sharti awe na leseni ya kujifunzia, gari liwe na vibao vya herufi L mbele na nyuma, na kando yake aketi mwalimu mwenye leseni. Leseni kamili hutolewa na serikali baada ya mtihani. Usinunue leseni kwa mlango wa nyuma. Karatasi iliyonunuliwa haitakushikia gari mteremkoni.

SOMO LA KWANZA: INJINI IKIWA IMEZIMWA

Keti. Sogeza kiti mpaka mguu wako uweze kukanyaga klachi hata chini bila kujinyosha. Funga mkanda. Panga vioo. Kisha fumba macho, utafute kwa mguu klachi, breki na mafuta, na kwa mkono breki ya mkono, gia na ule mkono wa pili. Fanya hivyo mpaka usikosee.

Halafu shuka ulizunguke gari. Tazama kama tairi zote nne ni za kipimo kimoja. Tairi kubwa nyuma na ndogo mbele huharibu mashine ya magurudumu manne. Katika pikapu za zamani utaona vifungio katikati ya magurudumu ya mbele, vimeandikwa FREE na LOCK, vya kuzungushwa kwa mkono. Vikiwa katika FREE, hata ukivuta mkono wa pili magurudumu ya mbele hayatavuta. Vizungushe asubuhi nyumbani kabla ya kutoka, si jioni ukiwa umepiga magoti topeni.

SOMO LA PILI: MAHALI TAMBARARE

Tafuta uwanja mkavu, usio na watoto wala mifugo. Gari liwe tupu. Jifunze kuondoka, kusimama, na kurudi nyuma. Usiende somo la tatu mpaka umeondoka mara kumi bila gari kuruka na bila injini kuzimika. Jifunze kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, kwa kutumia vioo na kwa kugeuza kichwa. Wengi hulidharau jambo hili, lakini katika somo la tano utaona kwamba kurudi nyuma ndiko kutakakokuokoa.

SOMO LA TATU: MKONO WA PILI

Nenda kwenye majani yenye unyevu. Simamisha gari, kanyaga klachi, weka mkono wa pili katika H4, uondoke polepole. Simama tena, uweke L4. Magari mengi hukubali kuingia H4 likiwa linakwenda pole na moja kwa moja, lakini kuingia L4 yataka gari limesimama. Katika L4, gia namba moja, ondoa miguu yote miwili kwenye vikanyagio uone jinsi gari linavyojikokota lenyewe. Mwendo huo uzoee. Siku ya shida ndio utakaokuwa rafiki yako.

Tena jifunze kuingiza magurudumu manne kabla ya kuingia topeni. Mtu huvaa viatu kabla ya kukanyaga miiba.

SOMO LA NNE: KUSHUKA

Labda utauliza kwa nini kushuka kunatangulia kupanda. Ni kwa sababu anayeshindwa kupanda hubaki chini, akachelewa kazi yake. Anayeshindwa kushuka, habari zake zaweza kuwa nyingine.

Simama juu ya mteremko kabla gari halijainama. Shuka kwa miguu uitazame njia: wapi pana shimo, wapi pana jiwe, wapi maji yamekata. Rudi ndani, weka L4 na gia namba moja. Achilia breki, uondoe mguu kwenye klachi, uache injini yenyewe ishike gari. Gari litashuka kwa hatua za mtu, na katika L4 kushika huko kwa injini hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Hapo ndipo magurudumu manne hukusaidia kushuka: si kwa kulisimamisha gari lililokwisha kukimbia, bali kwa kulizuia lisianze kukimbia.

Shika njia iliyonyooka. Usikate mteremko kwa ubavu, maana gari laweza kulala. Ukihitaji breki, igusegusse kidogo kidogo. Magurudumu yakifungwa kabisa juu ya tope, gari huwa mtelezi wa watoto na usukani hauna kazi tena. Mkia ukianza kuponyoka, geuza usukani uelekee upande ule ule mkia unakokwenda, na uguse mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke tena. Moyo utakuambia kanyaga breki kwa nguvu. Usiusikilize.

Mambo mawili usiyafanye kabisa. Usikanyage klachi mteremkoni, na usitoe gia ili kuokoa mafuta. Ukifanya hivyo umeikata kamba iliyolifunga gari kwa injini, na mzigo wote umebaki juu ya breki. Breki zikitumika mfululizo hupata moto, na breki zenye moto huacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, uweke jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, na ungoje zipoe.

Sisi wa wilaya hizi hatuhitaji kuelezwa sana juu ya uzito wa jambo hili. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, katika njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena lilitoka njiani likawaparamia wafanya biashara, abiria na waendesha bodaboda waliokuwa kandokando. Watu zaidi ya 50 walifariki. Sitaji msiba huo ili kumhukumu mtu. Nautaja kwa sababu kila mwenye usukani katika nchi hii ya milima amebeba roho za watu asiowajua, waliosimama chini wakiuza nyanya na mahindi ya kuchoma.

Fanya hesabu. Gari lendalo kilomita 40 kwa saa hwenda mita 11 kwa kila nukta moja. Ukiona hatari, yapita nukta moja hivi kabla mguu haujafika kwenye breki. Umekwisha kwenda mita 11 bila kufanya neno. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, urefu wa kusimama tangu breki iliposhika huzidi mara nne. Na hayo ni katika njia kavu, tambarare.

SOMO LA TANO: KUPANDA

Chagua gia ukiwa bado chini. Usibadili katikati ya mlima. Ingia kwa mwendo wa kadiri. Anayeupiga mlima kwa kasi huruka mashimo, na tairi iliyo hewani haivuti.

Gari likishindwa katikati, usigeuze. Mara nyingi ajali za mlimani huanzia hapa: dereva hujaribu kuligeuza gari kwa ubavu, likapinduka. Fanya hivi: kanyaga breki, vuta breki ya mkono, weka gia ya kurudi nyuma ukiwa katika L4, kisha uachilie klachi na breki polepole na ushuke kinyumenyume kwa nguvu ya injini, moja kwa moja katika njia ile ile uliyopandia. Sasa waona faida ya somo la pili.

SOMO LA SITA: MZIGO

Gari tupu na gari lenye mzigo ni magari mawili. Anza kwa nusu ya mzigo, siku kavu. Baadaye mzigo kamili, siku kavu. Mwisho kabisa ndipo mzigo na mvua.

Tuseme Bwana Fulani ana magunia kumi ya kahawa, kila moja kilo 60. Hizo ni kilo 600. Wachumaji watatu wanaomba kupanda juu ya magunia, kila mmoja kilo 70. Hizo ni 210, jumla 810. Labda pikapu yake yaruhusiwa uzito huo, labda hairuhusiwi. Atazame kibao chake na kitabu chake. Lakini hata kama yaruhusiwa, wale watatu wameketi juu, bila mkanda, na uzito ulio juu ndio unaolipindua gari. Gunia likianguka, mkulima hupoteza kahawa. Mtu akianguka, hakuna kiwanda kitakachomlipa. Awafanyie wachumaji safari ya pili, waketi mbele, au waende kwa miguu.

Panga vizito chini na karibu na chumba cha dereva, si mwisho wa mkia. Mkia ukizidi uzito, magurudumu ya mbele huinuka mlimani na usukani huwa mwepesi kama wa mchezo. Funga kamba kila safari, hata ya hatua mia mbili.

TOPE NA MAJI

Ukikwama, acha kukanyaga mafuta. Tairi inayozunguka bure huchimba kaburi lake. Shuka, chimba mbele ya kila gurudumu, tia mawe, changarawe au matawi, kisha uondoke kwa L4, gia ya pili, polepole. Ukipunguza upepo wa tairi kidogo, tairi hutanuka na kushika vizuri zaidi. Lakini huna budi kuzijaza tena kabla ya kuingia barabarani. Ukivutwa kwa kamba au mnyororo, watu wote wasimame mbali. Kamba ikikatika hupiga kama mjeledi. Wala mtu asisukume gari akiwa upande wa chini ya mlima.

Vijito viingiavyo mto Nyando huonekana vidogo, lakini mvua ikinyesha juu milimani hujaa kabla hujapata habari. Maji ya goti yaendayo kwa kasi usiyavuke. Gari likianza kuelea, magurudumu manne hayana ardhi ya kuvuta, nalo huwa sanduku tu. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Maji ya kijito hupungua upesi kama yalivyopanda. Kungoja saa mbili si hasara.

MATUNZO

Mashine ya magurudumu ya mbele isipotumika hukauka. Mara moja kwa mwezi, hata wakati wa kiangazi, weka H4 katika njia ya udongo uende kilomita kadhaa ili mafuta yazunguke. Mwambie fundi atazame mafuta ya difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Wengi huikumbuka ya nyuma tu. Ukivuka maji mengi, yakaguliwe mapema: mafuta yaliyogeuka rangi kama chai ya maziwa yameingia maji. Osha tope lililoganda ndani ya magurudumu na kwenye breki. Tope likikaa hapo hula vyuma kidogo kidogo bila kupiga kelele.

NANI AFUNDISHWE?

Neno la mwisho lahusu nyumba nzima. Mara nyingi pikapu inunuliwapo, ufunguo hushikwa na mtu mmoja, naye ni baba au kijana wa kiume. Sasa fikiri. Ni saa nane ya usiku, mvua inanyesha, mtoto ana homa kali au mke wa mwanao ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mwenye ufunguo yuko Nakuru. Pikapu imesimama uani, mafuta yamo, na hakuna mtu awezaye kuiendesha. Gari ghali namna gani, siku hiyo lina faida ya banda la kuku.

Kwa hiyo mama wa nyumba naye ajifunze, akapate leseni yake. Kazi hii haitaki misuli. Yataka subira, na L4 hufanya mengine. Watu wawili katika kila nyumba yenye gari wawe wamemaliza masomo yote sita.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kama ilivyo desturi ya shule, jaribuni maswali haya nyumbani jioni, bila kutazama juu.

1. Magurudumu manne ya kuvuta huongeza nguvu gani, na hayaongezi nguvu gani?
2. Kwa nini H4 isitumike kwenye lami kavu?
3. Ukiwa mteremkoni, mguu usiwekwe kwenye kikanyagio gani, na kwa nini?
4. Gari likishindwa katikati ya mlima, utafanya nini, na hutafanya nini?
5. Katika nyumba yenu, nani mwingine aweza kuendesha usiku wa leo?

Atakayeyajibu manne ya kwanza yuko tayari kwenda kwa mwalimu wa udereva. La tano halina jibu katika ukurasa huu. Liulizeni mezani, na mtakayemtaja, mwanzisheni somo la kwanza kesho asubuhi, injini ikiwa imezimwa.